Ukibandua umeua: stempu za Katanga na bahasha zake

SWALI: Jambo Yaya. Marehemu baba mkubwa alikuwa karani Jadotville (Likasi ya leo) miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo. Ametuachia debe la biskuti lenye bahasha kama 40 zenye stempu, pamoja na stempu nyingine zisizo na bahasha. Kuna moja ya ua ambayo neno KATANGA limepigwa kichwa chini. Jamaa anayenunua vitu vya kale hapa mjini ameniambia nizibandue zote kwa maji ya moto, nizipitishe kwenye maji ya javeli, yale ya kung'arisha nguo, zing'ae, kisha nizipige plastiki. Ile ya kichwa chini anasema ni dola 2,000, ila nimtangulizie 50 za cheti cha kuthibitisha kuwa ni halisi. Nimejaribu kuosha moja, imepauka. Nifanyeje? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Weka sufuria chini kwanza, mdogo wangu, ndipo tuzungumze. Mengine yanaweza kungoja. Bahasha ikishalowa haingoji.

Mara kwa mara naletewa stempu za Katanga zilizobanduliwa, zimepangwa kwa mistari kwenye daftari la shule, na mwenye nazo anatabasamu akidhani amenirahisishia kazi. Nikiuliza bahasha ziko wapi, jibu ni moja: "Aa, zile zilikuwa chafu, mama aliwashia mbabula, jiko la makaa." Hapo huwa nafunga daftari la watu polepole na kuwarudishia, maana nikisema ninachokiwaza tutagombana.

Watu wameshika kwamba mali ni kile kipande cha rangi, na bahasha ni ganda la ndizi. Kwa stempu za Katanga mambo yako kinyume kabisa, na sababu yake iko kwenye historia yenyewe. Serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, ilijitangazia uhuru kutoka Kongo 11 Julai 1960. Stempu zake hazikuwepo, basi ikachukua zile za Kongo ya Wabelgiji zilizokuwa ghalani, za maua na za wanyama, na kuzipiga neno KATANGA juu. Hata zile za ramani zilizoandaliwa kwa sherehe za uhuru wa Kongo wa 30 Juni zilipigwa chapa ya 11 Julai: sherehe ya mwenye nyumba ikageuzwa sherehe ya mpangaji anayehama na chumba chake. Mwaka 1961 zikafuata zilizochapishwa kwa jina la Katanga lenyewe: sanaa ya kuchonga miti, sura ya Tshombe, maonyesho ya biashara ya Elisabethville, yaani mji wetu huu. Mwaka 1962 zikaja za wanajandarma, yaani askari wa Katanga.

Hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga, na Umoja wa Posta wa Dunia haukuipokea. Lakini wakusanyaji wa Ulaya hawakuhitaji kuitambua ili wanunue. Stempu zilikwenda kwao kwa wingi, nyingine mpya na gundi yake, nyingine zimegongwa muhuri karatasi nzima kwa mkupuo bila kubandikwa kwenye barua yoyote. Ndiyo maana hadi leo zimejaa, na nyingi, moja moja, hazifiki bei ya chupa ya bia ya Simba. Stempu ya Katanga iliyobanduliwa, hata ikiwa na muhuri mzuri wa duara, haiwezi kukuambia kama iliwahi kusafiri au ilikaa kwenye droo ya muuzaji tangu siku ya kwanza.

Bahasha inaweza. Chukua moja ya baba mkubwa uitazame kama unavyotazama uso wa mtu. Muhuri unasema Jadotville, siku, mwezi, mwaka. Anwani inasema ilikuwa inaenda wapi. Geuza nyuma: pengine kuna muhuri wa posta iliyoipokea, na ukihesabu siku katikati unajua ilichukua wiki moja au miezi. Pengine kuna alama ya kumtoza mpokeaji, kwa sababu posta ya huko ilizihesabu stempu hizi kuwa si kitu. Vita vya Umoja wa Mataifa na wanajandarma vilianza Elisabethville tarehe 13 Septemba 1961, na Jadotville kwenu kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa siku zile hadi 17. Vikarudi Desemba 1961, kisha mwisho wa Desemba 1962, na Januari 1963 Katanga ikaisha. Bahasha iliyogongwa muhuri mojawapo ya siku hizo ndiyo ya kuzungumzia bei. Ibandue, na siku hiyo itabaki majini pamoja na gundi.

Tuje kwenye kichwa chini. Jamaa wako anaipenda kwa sababu haihitaji elimu: hata mtoto anaona kwamba neno limepinduka. Lakini fikiri. Stempu za maua za mwaka 1952 zilikuwa tele Kongo nzima. Mwenye mashine ndogo ya kuchapia kadi za harusi anaweza kuipiga KATANGA kichwa chini, mara mbili, kiupande, vyovyote mnunuzi atakavyo. Kosa la kweli la kiwanda linawezekana, ila kabla ya kulisadiki inabidi uusome wino wake.

Inasomwaje? Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, keti dirishani, inamisha stempu ili mwanga uipige ubavuni. Chapa ya KATANGA ilipigwa kwenye karatasi nzima kabla stempu haijauzwa; muhuri wa posta ulikuja baadaye. Basi pale mistari miwili inapokatana, wino wa muhuri ndio unaopaswa kulala juu. Kuna moja niliyoletewa, ilikuwa safi kuliko kawaida. Nilipoiinamisha, mguu wa herufi K ulipanda juu ya duara la muhuri kama gari juu ya tuta, wino wake uking'aa peke yake. Maana yake mtu alichukua stempu ya Kongo iliyokwisha tumika, akaongeza neno nyumbani kwake. Mwenyewe alikuwa ameinunua kwa pesa ya karo ya mtoto.

Kwenye bahasha kuna jambo jingine la kutazama: muhuri uvuke. Nusu ya duara iwe juu ya stempu, nusu juu ya karatasi, na mistari ikutane bila kuruka. Anayebandika stempu ya leo kwenye bahasha ya jana huwa anashindwa hapo. Wengine hata hapo hawafiki. Nimeletewa bahasha ya "1961" yenye muhuri wa LUBUMBASHI. Mji huu ulikuwa Elisabethville hadi 1966. Mwaka huohuo Jadotville ikawa Likasi na Albertville ikawa Kalemie. Mchonga muhuri hakujua hata jina la mji aliozaliwa mama yake.

Wala ujanja huu haukuanza na Tshombe. Mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji la Jenerali Tombeur lilipoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, stempu za Kongo ziligongwa neno RUANDA nyingine URUNDI. Hizo zilikuwa za serikali, nazo zimeghushiwa hadi leo. Zikaonekana pia zenye KAREMA, KIGOMA na TABORA, ambazo hazikuwahi kuidhinishwa na mkubwa yeyote. Bado naletewa hizo, mtu akiapa kwamba babu alizitoa Tabora mwenyewe. Babu inawezekana kabisa alifika Tabora. Stempu si lazima.

Sasa huyo jamaa. Mtu anayetaka kununua kitu chako hawezi kuwa ndiye anayekukadiria bei yake, na akitaka hela ya cheti kabla hata hajaishika stempu mkononi, anauza karatasi yake, hanunui yako. Mkaguzi hutoza kazi ya kukagua, na jibu lake linaweza kuwa "ni bandia". Kama jibu hilo halimo, huo si ukaguzi. Hizo dola 2,000 najua zilikotoka: ameona mtu kwenye intaneti anaomba bei hiyo. Kuomba ni bure. Tazama zilizouzwa, siyo zilizowekwa sokoni. Na bei za katalogi, vile vitabu vya bei za stempu, ni za stempu isiyo na kasoro. Yenye meno mawili ya ukingoni yaliyokatika ishushe mpaka uone haya.

Javeli inakula rangi na kulegeza karatasi, na chini ya taa ya urujuanimno (UV) stempu iliyooshwa hujionyesha yenyewe mbele ya mnunuzi anayejua. Plastiki ya moto ni mbaya zaidi, maana haitoki tena. Mji mzima huu una homa ya kupiga plastiki: diploma, hati ya kiwanja, cheti cha ubatizo, sasa stempu. Joto linayeyusha gundi ya nyuma, na hakuna atakayeweza tena kuipima karatasi wala kuuona wino ukiwa wazi.

Kwa debe lako, fanya hivi. Toa bahasha kwenye bati kabla mvua hazijaanza, kutu na unyevu ni ndugu. Zipange kwa tarehe za mihuri, kila moja ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, usizifunge kwa mpira wala kuzibana kwa pini. Barua zikiwa bado ndani, ziache ndani. Na ukikuta stempu ya India usiitupe ukidhani imepotea njia: wanajeshi wa India walikuwa hapa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1962 walikuwa na stempu zao zenye maneno U.N. FORCE (INDIA) CONGO.

Ile ya kichwa chini iwe ya mwisho. Ikague kwanza wewe mwenyewe dirishani kama nilivyokueleza, uniandikie ni wino upi umelala juu. Ile uliyoiosha usihangaike nayo, mpe mtoto aibandike kwenye daftari.