Kukaa makaburini kuangalia ndege, je ni uchawi?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwamba kila Jumapili ukimaliza kuzuru kaburi la baba yako hapo Igoma, Mwanza, aliyezama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 wewe ukiwa na miaka minne, huwa unabaki unazunguka kwenye makaburi ya zamani unaangalia ndege na mijusi, sasa mtaani wanasema unaroga, na kuna ustadhi kakwambia yule bundi wa kwenye mti ni roho ya maiti anayelia. Wallahi swali lako limeniuma.

Kuzuru makaburi sina haja ya kukueleza, unajua ni sunna. Shida ni hilo la bundi. Aliyekwambia hivyo, hata kama kavaa kanzu, kakupa imani ya Waarabu wa jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, wao ndio walikuwa wanasema mtu akiuawa na kisasi chake hakijalipwa basi kichwani mwake anatoka ndege analia kaburini anataka anyweshwe, ndege huyo wakamwita hama, na wengine walisema ni bundi. Mtume (s.a.w.) akasema hakuna hama, hadithi ipo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim. Sasa kitu Mtume kakifuta zamani zote hizo sisi tunakirudisha Mwanza tena kwa jina la dini? Bundi yuko pale kwa sababu pametulia, miti haikatwi na panya wapo, basi. Na hao vijana wanaompopoa mawe waambiwe, Suratul An'am aya ya 38 Allah anasema hakuna mnyama wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma kama sisi.

Yule mjusi uliyemsimulia, kichwa chekundu mwili wa bluu, anainuka na kushuka juu ya jiwe kama anapiga pushapu, hata kwangu huku mlimani wapo na mimi huwa nasimama nasema subhanallah. Hakuna kosa. Ila angalia usikanyage wala kukalia kaburi, Mtume kasema bora mtu akalie kaa la moto liunguze nguo mpaka lifike kwenye ngozi, na haya ya zamani mengine yameshadidimia huyaoni vizuri kwenye majani.

Halafu ndugu yangu, baba yako humkumbuki hata sura, naona unakaa pale kwa sababu huna pengine pa kukaa naye. Kaa. Muombee, mtolee sadaka hata ya maji. Jumapili hii nenda mapema baada ya alasiri, na huyo mwanao wa miaka sita mchukue, muoneshe kaburi la babu yake kwanza ndio umuoneshe bundi.