Ukitaka kuongea Biblia kijiweni, anza na liwali

Kijiwe chetu cha kahawa kipo Ngamiani, Tanga, na kwa muda mrefu kilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: siasa ruksa, mpira ruksa, dini hapana. Sheria hiyo niliisababisha mimi.

Jioni moja nilitamka, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325, kaisari Konstantino akiwa amekaa mbele. Pembeni yangu alikuwa kijana aliyekuja likizo kutoka seminari. Akaniuliza taratibu, "Samahani mzee, jambo hilo liko kwenye kanuni ya ngapi?" Baadaye nilizitafuta. Kanuni za Nikea ziko 20 na hakuna hata moja inayopanga orodha ya vitabu. Maaskofu wale walikuja kwa ajili ya mafundisho ya Ario, kasisi aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makasisi. Lakini jioni ile sikuwa na jibu, na badala ya kunyamaza nikapandisha sauti. Wengine wakadakia, mmoja akamtaja mama wa mwenzake, muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akatuambia tukalale.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa hapa umetoka kwa mkosaji.

Niliporudi kwenye habari hizo, miezi kadhaa baadaye, nilipita mlango mwingine. Nimestaafu kazi ya posta, maisha yangu yote yalikuwa barua: kuzichambua, kuzigonga mihuri, kuzitafutia wenyewe. Siku moja mzee mmoja, Mwislamu, mkubwa wetu sote pale barazani, aliniuliza kama ni kweli kwamba Wakristo wanasoma kanisani barua za watu wengine. Nikacheka, nikasema ndiyo, shikamoo yako mzee, ni kweli kabisa. Vitabu 21 kati ya 27 vya Agano Jipya vinaitwa nyaraka, yaani barua. Na zile za Paulo ndizo maandishi ya Kikristo ya kale kuliko yote tuliyo nayo. Wataalamu wengi huziweka mbele ya Injili zenyewe. Ile ya kwanza kwa Wathesalonike inakadiriwa kuwa ya mwaka 50 hivi, ilhali Injili ya Marko huwekwa karibu na mwaka 70, Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu.

"Umejuaje ni mwaka 50? Ina muhuri?" akauliza. Swali la mtu wa posta kabisa.

Haina. Paulo hakuweka tarehe hata kwenye barua moja. Muhuri wake uko kwenye jiwe, Ugiriki. Matendo ya Mitume sura ya 18 inasimulia kwamba Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, akashtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi lenye Korintho ndani yake. Huko Delfi vilipatikana vipande vya jiwe lililochongwa barua ya kaisari Klaudio, na ndani yake Galio anatajwa. Barua hiyo inasema Klaudio alikwisha kushangiliwa kama mshindi mara 26, na hesabu hiyo inaangukia mwaka 52 au karibu yake. Maliwali wa Akaya kwa kawaida walikaa mwaka mmoja tu. Basi Galio alikuwa Korintho kati ya mwaka 51 na 52, na Paulo alikuwa hapo hapo. Ukishika tarehe hiyo moja, nyingine unazihesabu kwenda mbele na kurudi nyuma.

Lakini kilichomkamata mzee hakikuwa jiwe, kilikuwa neno. "Liwali?" Akakaa sawasawa. Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, ilichukua neno la pwani, na watu wa umri wake wanajua liwali ni nani: mtu wa serikali, anasikiliza mashauri, joho begani. Hakuhitaji maelezo yangu kuhusu utawala wa Kirumi. Alikwisha kuuona mbele ya macho yake, na akaanza yeye kutueleza jinsi liwali wa zamani alivyokuwa akiwafukuza watu wanaomletea kesi za dini. Ndivyo alivyofanya Galio, neno kwa neno karibu.

Tangu siku hiyo naanza hivyo. Sianzi na swali la kama maandiko ni kweli, kwa sababu kila mtu pale kijiweni amekuja na jibu lake kutoka nyumbani. Naanza na maswali ya posta: nani kaandika, kampelekea nani, nani kaibeba, ilikuwa imejibu nini. Mtu wa imani yoyote anaweza kukaa kwenye maswali hayo bila kuvunjiwa heshima.

Na barua zenyewe zinasaidia, maana zimejaa mambo ya watu. Katika Warumi 16 mwandishi aliyeshika kalamu anachomeka salamu zake: mimi Tertio, niliyeandika waraka huu. Katika 1 Wakorintho 1 Paulo anasema hakumbatiza mtu pale ila Krispo na Gayo, halafu mistari miwili baadaye anakumbuka, ah, na watu wa nyumbani kwa Stefana, zaidi ya hao sijui. Unamsikia akisema huku mwenzake anaandika. Sura ya 5 ya waraka huo huo anataja barua aliyowaandikia kabla. Barua hiyo hatuna. Kwa hiyo ile tunayoiita ya kwanza si ya kwanza, na nilipolisema hilo kwenye jumuiya yetu mama mmoja alifunga Biblia yake akanitazama kama nimempunja chenji.

Kijiweni waliulizia pia barua hizo zilisafirije. Posta ya Kirumi ilikuwa ya shughuli za serikali. Raia alitafuta msafiri. Yaelekea ile ya Warumi ilibebwa na Fibi wa Kenkrea, maana ndiye anayetambulishwa mwishoni. Ni kama sisi tunavyompa kondakta wa basi bahasha ya kwenda Lushoto, ila Fibi alivuka bahari.

Kuna mada mbili zitakazokuja upende usipende. Ya kwanza ni Barnaba. Huja kutoka kwenye mihadhara, na pande zote mbili huingia zikiwa na hasira kabla hazijaulizana zinasema maandishi gani. Yako mawili! Waraka wa Barnaba ni wa Kigiriki, wa kale sana, na umo ndani ya Kodeksi Sinaitiko, Biblia iliyoandikwa kwa mkono ya karne ya 4, baada tu ya Ufunuo. Injili ya Barnaba ni kitu kingine: nakala zake zilizopo ni za Kiitaliano na Kihispania, na ile ya Kiitaliano, iliyoko Vienna, ni ya karne ya 16 hivi. Ukitenganisha hayo mawili mapema, ugomvi hupungua kwa nusu. Usimwambie Mwislamu kwamba hakuna maandishi ya Barnaba. Yapo, na atakuonyesha.

Ya pili ni vitabu vilivyoondolewa. Kwa kifupi, Wakatoliki wana 73 na sisi Walutheri 66, lakini tofauti iko Agano la Kale; Agano Jipya ni 27 kwa wote. Na orodha ya kwanza inayojulikana kutaja hivyo 27 bila kuzidi wala kupungua iko katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Barua tena. Nilimtumia yule kijana wa seminari ujumbe nikamwambia nimeiona, na nikamwomba radhi ya Nikea. Akajibu: "Hakuna shida mzee, hata mimi mwaka wa kwanza niliamini hivyo."

Mzee wetu yeye ameganda kwenye 2 Timotheo 4:13, pale Timotheo anapoombwa akija alete joho lililoachwa kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Sikumficha kwamba wataalamu wengi wanaona waraka huo uliandikwa na mfuasi wa Paulo baada yake. Akafikiri, akapuliza kahawa.

"Basi huyo mfuasi naye alikuwa anaijua baridi," akasema. Na mpaka leo nikifika barazani, kabla sijakaa, huniuliza kama joho la watu limefika.