Msipake Ukuta Mbichi: Niliyojifunza kwa Mchungaji Aliyekuwa Mchoraji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchora kuta za makanisa, wiki iliyopita niliwakuta wawili kati yenu wakipiga rangi ya mafuta juu ya plasta ambayo, ukiigusa kwa kiganja, bado ina ubaridi wa maji. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwamba askofu anakuja kuweka jengo wakfu Jumapili. Jibu hilo nalifahamu vizuri, kwa kuwa niliwahi kumpa rafiki yangu wa utotoni, aliyekuwa mchoraji kabla hajabarikiwa kuwa mchungaji, na ambaye aliendelea kuwa vyote viwili mpaka alipofariki. Nawaandikia niliyoyaona kwake, ingawa najua baadhi yenu mtayasoma huku brashi imekwisha kuloa.

1. Acheni kunakili kalenda. Tulikulia Machame, na tulianza kwa kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, mimi nikichora malori na yeye akichora watu waliopanda malori, ingawa viboko tulipata sawa. Tulipokua alichukizwa na wachoraji waliomtoa Yesu kwenye kalenda ya dukani na kumbandika ukutani na nywele zake za dhahabu, na mfano wake ulikuwa jirani yetu wa Marangu, Elimo Njau, ambaye katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, kwa sura za watu na mandhari ya Kiafrika. Njau, mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuwakataza wasanii kunakili. Rafiki yangu alilipokea katazo hilo kana kwamba ni amri ya kumi na moja.

2. Mwacheni wa nyuma akauke kabla ya kumwita wa mbele. Hili alilipata Dar es Salaam, alipokuwa akikaa pamoja na wachoraji wa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako kazi aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendelezwa na ndugu na wanafunzi wake baada ya kifo chake mwaka 1972. Pale hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kuchorea, ilipakwa rangi ya nyuma, ikaachwa, kisha ndipo chui au ndege akawekwa juu yake. Tapentaini, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, si dawa ya haraka.

3. Plasta ingojeni wiki 4 kwa uchache, na milimani wakati wa masika ingojeni zaidi. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani jioni, mkizibe kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na asubuhi mkikuta matone chini yake rudini nyumbani.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nawajua. Rafiki yangu alipotoka chuo cha theolojia cha Makumira na kupewa usharika, kanisa lake lilikuwa limemalizika kupigwa plasta, na aliniita mimi nichore ubatizo wa Yesu nyuma ya madhabahu, kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe na kuifanya vizuri zaidi. Aliweka kiganja ukutani akasema, "Mangi, huu ukuta bado unanyonya, tuuache." Mimi nikasema kwamba askofu anakuja, na kwamba mtu aliyehamia kwenye mimbari asinifundishe rangi. Alininyamazia. Nilikuwa nimenunua kwa fahari tyubu za rangi ya bluu ya Prussia kwa ajili ya maji ya Yordani, na nilizimaliza zote.

Wengi wenu hamjui kinachotokea, kwa hiyo sikilizeni. Saruji mbichi ina alkali nyingi, na maji yanayotoka ndani ya ukuta huibeba alkali hiyo mpaka juu, ambako hukutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi na kuyageuza kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Rangi hulegea, hutoa malengelenge, kisha hubanduka kama ngozi iliyoungua. Bluu ya Prussia ina balaa lake la ziada, kwa sababu alkali huivunjavunja na kuacha rangi ya kutu. Askofu alikuja, akasifu, akaondoka. Muda si mrefu shavu la Yohana lilivimba, mkono wake uliokuwa juu ya kichwa cha Yesu ukadondoka nyuma ya kiti cha mzee wa kanisa, na Yordani ikageuka kuwa mfereji wa tope la masika.

Jumapili iliyofuata rafiki yangu alisimama chini ya aibu ile na kuhubiri habari za Naamani, jemadari wa Shamu aliyeona mito ya Dameski ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli na bado akatakiwa ajichovye Yordani mara saba. Aliuonyesha ukuta kwa kidole, akawauliza washarika kama Naamani angekubali kuingia kwenye mto ule, na kanisa zima likacheka. Hakusema ni nani aliyeharakisha.

Uchungu wenyewe ulikuja baadaye, katika kikao. Wazee wa kanisa waliponiuliza, niliwajibu kwamba mchanganyiko wa saruji ulikuwa mbovu, na rafiki yangu, ambaye hakuwapo siku hiyo, akaletewa habari kwamba fundi mwashi amenyimwa kazi ya nyumba ya mtumishi aliyokuwa ameahidiwa. Jumatatu, siku yake ya kupumzika, alikuja na kaptula yake ya zamani na skrepa mbili, tukakwangua tangu asubuhi, tukizungumza habari za malori na mkaa, mpaka nikadhani nimeponea. Alipokuwa akifagia maganda ya rangi ndipo aliposema, "Ukuta tumeusafisha. Yule fundi naye atasafishwa na nani?" Nilimjibu kwamba nitazungumza na wazee. Nilichelewa, nikatafuta kikao kinachofaa, na nilipokipata fundi alikuwa amekwisha kuhama na familia yake, na wazee wakanishukuru kwa ukweli wangu kwa namna iliyonifanya nitamani kutukanwa. Rafiki yangu hakunikumbusha tena. Aliniacha nirudie picha ile wakati wa kiangazi, kwa gharama yangu, na ipo mpaka leo, lakini hakuna mara niliyoingia kanisani mle nikautazama mto kabla ya kuitazama plasta.

4. Chorea benchi la nyuma. Kabla ya kupaka rangi rafiki yangu alikuwa akienda kuketi mlangoni, mahali ambapo akina mama wenye watoto wachanga huketi ili waweze kutoka, na kama uso hausomeki pale aliuongeza ukubwa. Kwenye darasa la kipaimara alichora mwana mpotevu ubaoni akishuka basi pale Boma Ng'ombe, hana viatu, na kondakta anamdai nauli. Watoto waliokuwa wakisinzia waliamka wakaanza kubishana kama baba yake angelipa nauli ile. Mchoro huo ulifutwa kwa dasta siku hiyohiyo, na kwangu ndio ulio bora kuliko vyote alivyochora.

5. Andikianeni mkataba, hata mteja akiwa ni kanisa mlilobatizwa. Aliwahi kupeleka kwenye mnada wa mavuno picha ya jogoo aliyoichora kwenye hadibodi, ikanadiwa mara baada ya jogoo mwenyewe, ambaye wazee wawili walikuwa wamempigania mpaka bei ikapaa. Picha ilinunuliwa na mwinjilisti, kwa huruma, kwa fedha isiyofikia bei ya trei ya mayai. Alicheka kuliko sote, lakini tangu hapo hakuruhusu mchoraji yeyote afungue kopo la rangi usharikani kwake kabla mtunza hazina hajasaini karatasi na kutoa fungu la kwanza. Kwa hiyo ninyi mnaokuja kwangu kila mwisho wa mwezi kukopa hela ya tapentaini kwa madai kwamba kanisa halijalipa, mjapo tena njooni na karatasi yenye saini, na mnieleze plasta ilipigwa lini.