Kwa nini sanduku la chaki linalala badala ya kusimama?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari. Nilichora sanduku karatasini, likaonekana limesimama vizuri. Nilipolikuza na kulihamishia kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, picha ya simu ilionyesha sanduku lililobonyea na kulala chini. Wanafunzi wangu wanasema kasoro ni rangi. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana, Mwalimu, kasoro ni vipimo. Karatasi huitazama ikiwa imekuelekea uso kwa uso, ilhali sakafu huitazama kwa mshazari, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo jicho linavyoifupisha. Mchoro uliokuzwa tu kutoka karatasini hufupishwa pamoja na sakafu iliyoubeba. Wachoraji wa mishale ya barabarani wanalijua hilo vyema, ndiyo maana huirefusha sana ili dereva aione ikiwa na umbo la kawaida.

Kwa hiyo kazi haianzi na chaki, bali na mahali pa kusimama. Katika Kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma, Andrea Pozzo alichora kuba juu ya turubai bapa mwaka 1685, na sakafuni pakawekwa alama ya marumaru inayomwonyesha mtazamaji pa kusimama. Akisogea mbali na hapo, kuba linapinda. Kurt Wenner, Mmarekani aliyehamia Roma mwaka 1982 baada ya kuwa mchoraji wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha michoro ya namna hii kwa chaki barabarani.

Tuchukue sanduku lako. Tuseme simu itashikwa mita 1.6 kutoka chini, na sanduku tunalotaka lionekane lina upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 40, uso wake wa mbele ukiwa mita 3 kutoka chini ya simu. Ili kujua ukingo wa juu utaangukia wapi sakafuni, zidisha umbali kwa kimo cha simu, kisha gawanya kwa kimo cha simu kilichopunguzwa kimo cha sanduku: 3 mara 1.6, gawanya kwa 1.2, unapata mita 4. Maana yake uso wa mbele wenye kimo cha sentimita 40 unahitaji mita 1 nzima ya sakafu, na upana wake unafunguka kutoka sentimita 60 chini hadi 80 juu. Uso wa juu, ambao wengi huuchora ukiwa umebanwa kama walivyozoea karatasini, ni mraba kamili wa sentimita 80 kwa 80. Sanduku likiwa katikati mbele ya simu, pande zake hazionekani kabisa, usizichore.

Darasani ninapendelea uzi kuliko hesabu, kwa sababu mwanafunzi huona kwa macho yake kinachotokea. Weka boksi halisi mahali pake, simamisha fito yenye msumari kwenye kimo cha simu, na tumia timazi, yaani uzi wenye kizito unaoning'inia wima, kuweka alama chini ya msumari huo. Funga uzi kwenye msumari, uvute ukiwa umenyooka upite kwenye kona ya juu ya boksi hadi uguse sakafu, kisha weka nukta. Ukimaliza kona zote, ondoa boksi na uunganishe nukta.

Unapopiga picha, irudishe simu palepale pa msumari. Kuvuta picha karibu kwa kidole hakuharibu kitu, ila kusogea hatua moja kunaharibu. Msihuzunike ikiwa kwa macho mawili mchoro unaonekana bapa: kila jicho huiona sakafu kutoka mahali pake, na ubongo unatambua udanganyifu. Fumba moja.

Rangi nazo zina nafasi yake, hasa kwenye kivuli. Weusi wa kutosha hupatikana kwa mkaa uliosagwa, na kivuli kielekee upande uleule wa vivuli halisi vya saa ya kupiga picha. Zaidi ya hayo, kivuli cha sanduku kimelala sakafuni kwa kweli, kwa hiyo hicho peke yake usikirefushe: kichore kwa kipimo chake halisi.