Maktaba Garissa? Ngamia mwenyewe ndiye maktaba

Dada, umesema umepata kazi ya ualimu Garissa na unauliza kama huko kuna maktaba au ni mchanga tu na ngamia. Ziko zote aisee, tena huyo ngamia amebeba vitabu!

Shirika la maktaba la taifa liliundwa kwa sheria ya bunge 1965, sasa huko kaskazini mashariki shida ikawa watu wanahama na mifugo na gari zinakwama mchangani, so 1996 wakaanza na ngamia watatu, mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, wakifika wanatandika mikeka chini ya mti watoto wanachagua. Baadaye ikafika hadi Wajir. Mi huwa naona ni idea kali kuliko haya mambo ya kugawa tableti mahali hakuna stima.

Ushauri wangu, ukifika tu ingia pale tawi la mjini ujitambulishe kama mwalimu, uliza uanachama na kama darasa lako linaweza kupata vitabu vya kukopa kwa wingi. Beba kitambulisho na picha ndogo za pasipoti, kawaida hazikosi kuulizwa. Lakini tangu katiba ya 2010 maktaba za mashinani ni kazi ya kaunti, kwa hivyo ratiba ya ngamia ulizia palepale kaunta, usitegemee ulichosoma mtandaoni miaka hiyo. Na kama shule yako iko nje ya mji omba hiyo safari ipitie kwenu, haki wakikubali watoto hawatalala hiyo siku.