Kabla hujatuma hela ya hiyo dawa ya kutibu ganzi na moto wa miguu

Juzi dada mmoja wa Kondoa ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Mama ana kisukari mwaka wa tisa huu, usiku miguu inamwaka moto, halali. Nimeletewa habari za dawa mpya ya majaribio kutoka Marekani, inafufua neva. Laki tatu na nusu. Nitume?"

Marahaba mdogo wangu. Usitume. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mimi nilituma.

Mimi pia nina kisukari, na sukari ikikaa juu huumiza neva, yaani mishipa ya fahamu. Miguu yangu ilianza mwaka 2017. Kwanza kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, kisha moto. Baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba mnaijua, lakini nilikuwa natoa miguu nje ya blanketi naikanyagisha sakafu, na bado inawaka. Kliniki walinipa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Ikawa inanilevya asubuhi darasani, nikaiacha kimya kimya bila kumwambia daktari. Hapo ndipo mtu wangu wa karibu, niliyekula naye sahani moja, akaniletea chupa mbili za vidonge zisizo na jina la kiwanda. Akasema ni dawa ya majaribio, haijaingia madukani, nimebahatika. Niliuza alizeti yangu yote nikampa laki nne.

Wiki ya tatu moto ukapungua. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kuruka hata vidonge vya sukari. Kumbe ilikuwa ni ganzi inaingia.

Jumamosi moja nimetoka soko la Majengo na kandambili zangu, nimeketi sebuleni, mjukuu akauliza, "Babu, umekanyaga nini?" Nikageuka. Madoa ya damu yamepangana kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Msumari wa bati ulikuwa umetoboa kandambili ukazama chini ya dole gumba, kichwa chake kimeng'aa kwa kusuguliwa na barabara. Nilitembea nao njia nzima. Kijana wa jirani akaja na koleo akauvuta, mimi namwangalia kana kwamba anachomoa kwenye ubao.

Ya hospitali sitayasimulia. Dole gumba halipo. Aliyeniuzia hakuja hata kunijulia hali, na tukikutana msibani ananipungia mkono kwa mbali. Hilo linaniuma kuliko kidole.

Baada ya hapo nilisoma na kuuliza kila daktari aliyekubali kuulizwa. Jaribio la kweli la dawa hapa nchini lazima lipate kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Unasomewa fomu ya ridhaa, unasaini, unaruhusiwa kujitoa siku yoyote, na dawa hulipii. Wengine hupewa kidonge kisicho na dawa ndani ili matokeo yalinganishwe, na wewe hujui uko upande gani. Sasa huyo anayetaka umtumie hela kwa simu, anaandika wapi matokeo ya mama yako?

Na dawa zenyewe za majaribio, jamani, si mchezo. Tolrestati iliwahi kuuzwa kwa ajili ya neva za wenye kisukari, mwaka 1996 ikaondolewa sokoni kwa kuumiza ini. Dada yake, epalrestati, inatumika Japani. Kuna sindano ya jeni (vinasaba) iliyokuwa inachomwa kwenye misuli ya mguu, ikapewa matumaini makubwa, lakini majaribio yake ya mwisho hayakuishinda sindano isiyo na dawa. Suzetrijini, inayoziba njia ya maumivu kwenye neva zenyewe, iliruhusiwa Marekani Januari 2025, lakini kwa maumivu ya ghafla kama ya baada ya upasuaji. Tena hiyo ni ya kutuliza. Kutuliza maumivu si kufufua neva, ndugu zangu! Anayekuahidi kufufua, mwombe karatasi ya TMDA.

Kinacholinda neva zilizobaki ni sukari kushuka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1993, kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza ugonjwa huu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili, kama yangu, faida kwa neva ni ndogo zaidi, lakini mimi siiachi. Kipimo changu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 10.8, sasa ni 6.8, na nakisema kwa kujidai kwa sababu nimekitolea jasho. Mwaka wa tano sijapata kidonda. Kila usiku mjukuu anashika kioo, nakagua nyayo na katikati ya vidole.

Kwa hiyo mdogo wangu, mama apelekwe kliniki. Kama anatumia metiformini, dawa ya sukari, miaka yote hiyo, uliza apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta ganzi. Amwambie daktari kila dawa aliyoiacha. Asiote moto wa mkaa miguuni. Laki tatu na nusu ipo, basi mnunulie viatu vya kufunika vidole, ukampimishe jioni wakati miguu imejaa, na kila asubuhi tia mkono wako ndani ya kiatu kabla hajavaa.

Ukitoka kliniki niandikie walichosema.