Maswali ya Wasomaji: Ratiba ya Siku ya Parki ya Michezo na Watoto

Likizo kubwa inakaribia, na barua nyingi tulizopokea kutoka Lubumbashi zinahusu parki za michezo: Paris kwa walio na ndugu Ulaya, Johannesburg kwa wanaofuatana na wazazi wafanyabiashara. Tumechagua tano.

Wahariri, mdogo wangu anaishi Brussels na ametualika mwezi wa nane. Tunataka kuwapeleka watoto Disneyland Paris kwa siku mbili. Wana miaka 4, 8 na 13. Baba yao ameandika orodha ya michezo 26 kwa siku ya kwanza. Inawezekana? Na tuanzie wapi? — Mama wa watoto watatu, Kampemba

Mama, haiwezekani, na kulazimisha orodha hiyo ndiko kutakakowaliza watoto kabla ya jioni. Pigeni hesabu. Mchezo wenyewe huisha kwa dakika chache tu. Lakini kuufikia ni mwendo wa dakika kumi mkiwa na mtoto mdogo, foleni ya mchana wa mwezi wa nane ni dakika 40, hata 60 au zaidi kwa michezo inayopendwa, halafu kuna choo, kuna maji, kuna kofia iliyoangushwa njiani. Mchezo mmoja unakula karibu saa nzima. Familia inayoingia asubuhi na kutoka usiku, ikitoa muda wa kula na kupumzika, inafanya michezo minane hadi kumi na miwili. Anayepata zaidi ya hapo ameamka mapema sana au hana watoto.

Kwa hiyo kila mtoto achague mchezo mmoja ambao akiukosa atasikitika kweli. Hiyo mitatu ndiyo nguzo za siku. Mingine yote ni nyongeza: ikipatikana vizuri, isipopatikana hakuna ugomvi.

Sasa mpangilio. Parki hufunguliwa kwa kawaida saa tatu na nusu asubuhi (kwenye tiketi na simu mtaona 9:30). Muwe mlangoni saa mbili na dakika 45, kwa sababu ukaguzi wa mifuko nao una foleni yake. Wanaolala kwenye hoteli za Disney zenyewe huingia saa moja kabla ya wengine kwa baadhi ya michezo. Saa mbili za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote, na wageni wengi huzipoteza kwa kupiga picha za kasri na kununua masikio ya panya. Picha zitapigwa mchana, kasri halihami.

Mnaanza na upi? Si ule mkubwa zaidi, bali ule unaobeba watu wachache kwa saa. Peter Pan's Flight ina viti vichache, na watu hupanda kidogo kidogo, kwa hiyo foleni fupi kwa macho inaweza kuwa ndefu kwa saa. Dumbo ni hivyo hivyo. Maharamia, yaani Pirates of the Caribbean, ni kinyume chake: mashua hubeba watu wengi na hufuatana bila kusimama, foleni inasogea hata saa saba mchana. Basi Peter Pan asubuhi kabisa, Dumbo baada yake, na maharamia muwawekee wakati wa jua kali. Humo ndani ni giza na baridi, mtoto wa miaka 4 mwambieni mapema.

Kuleni mapema, saa tano na nusu, kabla ya wote kujaa migahawani. Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa foleni za chakula zinashindana na za michezo. Parki hairuhusu kuandaa pikiniki kamili ndani, lakini vitafunio, maji na chakula cha mtoto mchanga huwa havina shida. Chupa za kioo zinakatazwa.

Saa nane mchana tokeni. Tiketi ya siku inawaruhusu kurudi siku hiyo hiyo. Mdogo alale, mkubwa aoge, mama anyooshe miguu, maana mtatembea kilomita kumi na zaidi. Huo ndio wakati wa foleni ndefu kuliko zote, kwa hiyo hamkosi kitu. Rudini saa kumi na moja. Gwaride likianza, wengi husimama kando ya barabara na foleni za michezo hupungua: aliyekwisha kuliona siku ya kwanza autumie muda huo siku ya pili. Saa moja ya mwisho kabla ya kufunga ni nzuri vilevile.

Onyo kuhusu fataki. Mwezi wa nane Paris jua linachelewa kuzama, kwa hiyo onyesho la mwisho ni usiku sana. Mtoto wa miaka 4 ambaye hakulala mchana hatafika. Chagueni usiku mmoja tu wa fataki, na asubuhi inayofuata msiwe na haraka. Heri iwe ni usiku wa siku ya pili. Afadhali kidogo ni kwamba kiangazi saa ya Paris ni sawa na ya Lubumbashi, miili ya watoto haitababaika.

Jambo la mwisho kwenu: msisafiri kutoka Brussels asubuhi ile ile. Treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy, kilicho mlangoni mwa parki, huchukua chini ya saa mbili, lakini mkijumlisha kuamka, kufika kituoni na kuchelewa, zile saa mbili za dhahabu zimekwenda. Laleni karibu jioni ya kuamkia siku hiyo. Val d'Europe, kituo kimoja kabla ya Chessy kwenye treni ya RER A, kuna duka kubwa la vyakula: nunueni huko maji, mikate na matunda. Epukeni Jumamosi, Jumapili na tarehe 15, ambayo ni sikukuu Ufaransa. Viza ya Schengen mliyopewa kwa Ubelgiji inawavusha hadi Ufaransa, ila pasipoti za watoto zisibaki Brussels.

Tuna mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka 5 anayependa vitu vya kasi. Je, mmoja wetu atakaa nje siku nzima na kigari? — Papa wa Bel-Air

Hapana, Papa. Ulizeni kwenye mlango wa mchezo utaratibu wa wazazi kubadilishana. Parki kubwa nyingi wanao: mzazi wa kwanza anapiga foleni na kupanda, wa pili anabaki na mtoto mchanga, kisha wanabadilishana na wa pili anaingia bila kurudia foleni nzima. Semeni kabla ya kuingia kwenye mstari, si mkifika mbele. Kosa la kawaida ni familia nzima kupiga foleni pamoja na kigari, ndipo wakaelezwa mwishoni.

Huyo wa miaka 5 mpimeni leo, akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, visigino ukutani. Disneyland Paris, treni ya mgodini Big Thunder Mountain inataka sentimita 102, Crush's Coaster 107, Hyperspace Mountain 120, na ya Indiana Jones 140. Mfanyakazi ana kijiti cha kupimia na hajadiliani. Ni haki yake: vizuizi vya kiti vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na mdogo zaidi anaweza kuchomoka. Msimwinue mtoto kwa soksi tatu na karatasi ndani ya viatu, jambo ambalo wazazi hulifanya kweli. Mwambieni nyumbani ipi anafika na ipi bado. Machozi ya nyumbani ni mafupi kuliko ya mlangoni, baada ya dakika 50 za kusimama. Na kabla ya kumwahidi mchezo wowote, tazameni kwenye tovuti ya parki orodha ya iliyofungwa kwa matengenezo.

Inafaa kulipia ile tiketi ya ziada ya kuruka foleni? — Dada wa Golf

Kwa mchezo mmoja, siku ya watu wengi, ndiyo. Kwa yote, hapana. Bei huwekwa kwa kila mtu na hupanda siku zenye watu, kwa hiyo ikiwa ni euro 15, familia ya watano italipa 75 kwa dakika chache za raha. Inunueni kwa ule mchezo wa nguzo ambao mlishindwa kuufikia asubuhi. Mtoto mkubwa anayekubali kukaa peke yake ajaribu kwanza mstari wa mtu mmoja mmoja, pale ulipo: wafanyakazi humtumia kujaza kiti kilichobaki, na haulipiwi.

Mume wangu huenda Johannesburg kuchukua bidhaa. Safari hii tunafuatana na watoto wawili, miaka 7 na 10, na tuna siku moja tu ya Gold Reef City. Twende mwezi wa saba au Desemba? Na siku ipangwe vipi? — Mama wa Ruashi

Miezi yote miwili inafaa, lakini ratiba zake hazifanani hata kidogo.

Mwezi wa saba Johannesburg ni baridi kavu kama kwetu, asubuhi digrii chache tu, mchana jua zuri. Michezo ya maji isianze asubuhi: mtoto aliyelowa saa nne atatetemeka hadi saa sita. Anzeni na treni za kasi, Anaconda kwa anayetosha kimo, wakati foleni ni fupi, na maji myaweke saa sita hadi saa nane, na nguo kavu kamili ndani ya mfuko wa plastiki, soksi pia.

Desemba ni msimu wa mvua, na mvua ya huko hupenda kuja alasiri pamoja na radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, na hapo hakuna wa kumlaumu. Yote makubwa ya nje yaishe kabla ya saa saba mchana. Alasiri mbaki karibu na yaliyo chini ya paa.

Parki hii imejengwa mahali pa mgodi wa zamani wa dhahabu, shimo namba 14 la Crown Mines, na kuna ziara ya kushuka chini pamoja na onyesho la kumimina dhahabu iliyoyeyushwa. Mtoto wa Lubumbashi aliyekua akisikia habari za Gécamines, kampuni yetu ya migodi, ataielewa kuliko wageni wengi, tunasisitiza msiikose. Ziara huenda kwa makundi, na mwongozaji, kwa saa maalumu. Basi jambo la kwanza mkiingia ni kuuliza nafasi na kuichukua, halafu mpange michezo kuizunguka. Wanaoiacha hadi alasiri hukuta makundi yamejaa.

Tofauti na Paris, hapa siku ni fupi: parki hufungwa jioni mapema, na si kila siku ya wiki hufunguliwa nje ya likizo za shule za Afrika Kusini. Tazameni kalenda yao kabla ya kununua tiketi ya ndege au ya basi. Hakuna muda wa kurudi kulala hotelini, kwa hiyo wekeni saa nzima ya kukaa kivulini baada ya chakula. Treni ya Gautrain haifiki hapo. Agizeni gari la kurudi kabla ya kufunga, wakati bado kuna mwanga, maana mwezi wa saba jua huzama karibu saa kumi na moja na nusu. Makumbusho ya Apartheid yako jirani kabisa, lakini yastahili siku yake na akili iliyotulia: msiyabandike mwishoni kwa watoto waliochoka.

Kitu kidogo kinachosahaulika: chaja zetu za simu huingia vizuri Ufaransa na Ubelgiji, lakini soketi nyingi za Afrika Kusini zina matundu matatu makubwa ya duara. Nunueni kiunganishi, kwani tiketi na ramani vyote viko kwenye simu, na simu ikizima saa nane mchana ratiba imezima nayo. Betri ya akiba ni lazima, na tiketi zipigwe picha ili zifunguke bila intaneti.

Sisi hatuna uwezo wa Ulaya. Kanisani tunataka kuwapeleka watoto 18 kwenye zoo ya Lubumbashi siku nzima, pamoja na nkambo (mzee wa umri wa babu au bibi) mmoja mwenye kisukari. Mashauri yenu yanatuhusu? — Yaya wa Katuba

Yanawahusu kabisa, Yaya. Wanyama wengi hulala joto likizidi, kwa hiyo wao ndio "foleni" yenu: ingieni mlango unapofunguliwa, mwone simba na sokwe kabla ya saa nne na nusu, kisha michezo na chakula, na mzunguko wa pili mfupi baada ya saa tisa, wanapoamka.

Watoto 18 wanahitaji wakubwa wanne, kila mmoja na kikundi chake cha wanne au watano, wale wale kuanzia kwenye basi hadi kurudi. Kateni kitenge kimoja, kila mtoto afungwe kipande mkononi. Jina lisiandikwe nje ya nguo, ambapo mtu yeyote atalisoma na kumwita. Namba ya simu ya mkubwa iwe kwenye karatasi mfukoni. Hesabuni watoto kila mnapohama, si kila mnapokumbuka. Lita moja ya maji kwa mtoto ni lita 18: bidoni la lita 20 linatosha, wakubwa walete yao.

Nkambo ale saa zile zile anazokula nyumbani, kundi likiwa tayari au la. Anayetumia dawa ya kushusha sukari akitembea sana bila kula, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mmoja wa wakubwa awe na soda yenye sukari na biskuti mfukoni mwake, si kwenye basi. Dalili zikianza, aketi na anywe mara moja, na asiendelee na safari kabla ya kula chakula kamili. Dawa zake zikae kivulini, na mahali pake pa kupumzika papangwe karibu na choo, ambapo kila kikundi kinapita.